Karatasi ya Ruhusa

Mtoto alilala hatimaye, na Inspekta Dama Kavumbi akashusha sauti bila kuambiwa na mtu.

"Tuanze tena, Bushra. Kitabu hiki ulikipata lini?"

"Miaka sita sasa, afande. Wiki ya Maulidi. Nilipewa na Othman mwenyewe."

"Na hii karatasi nyeupe ilikuwemo?"

"Ilikuwemo."

Ilikuwa mara ya tatu kumwuliza, na mara ya tatu kujibiwa vilevile. Dama aliandika jibu chini ya majibu mawili yaliyofanana nalo. Feni ya ofisi ilizunguka polepole kama inayotafuta sababu ya kusimama. Bushra Ubeid, mwalimu wa chekechea kutoka Bodo, alimweka mtoto vizuri ndani ya leso na kusubiri swali la nne.

Mezani palikuwa na mifuko miwili ya nailoni. Ndani ya kila mmoja mlikuwa na kijitabu cha ukubwa wa daftari la shule, chenye jina lilelile kwenye jalada: Visima Saba. Kilikuwa kitabu cha mchezo wa mezani. Watu wanne au watano hukaa pamoja, mmoja akawa msimulizi, na wengine kila mmoja akajivika mhusika wake: mchimba visima, mganga, mfugaji, mwizi wa maji. Msimulizi hueleza nchi kavu yenye visima saba, wachezaji husema watafanya nini, na dadu huamua kama wamefaulu. Hakuna ubao wala mwisho uliopangwa. Kijitabu kilibeba kanuni tu, na aliyezitunga alikuwa Othman Shutu, wa hapahapa Msambweni.

Bushra alikuwa ametunga kisa kipya cha kuchezwa kwa kanuni hizo, akakiita Kisima cha Nane, akachapisha nakala mia mbili. Siku tisa baadaye Othman alifika kituoni. Alilalamikia karatasi nyeupe iliyokuwa katikati ya nakala ya Bushra ya Visima Saba, ile ambayo Bushra humfungulia yeyote anayemwuliza kwa nini anauza kitu kilichojengwa juu ya kazi ya mwenzake. Othman alisema hajawahi kuiandika. Alisema ni ya kughushi, na Bushra ndiye aliyeighushi. Polisi wakazichukua nakala zote za Kisima cha Nane zilizokuwa hazijauzwa.

Dama aliisoma tena kupitia nailoni.

"Kanuni za mchezo huu nimezitoa kwa kila mtu. Anayetaka kutunga visa vyake kwa kanuni hizi na atunge, achape, auze. Hana haja ya kuniomba. Masharti ni mawili: jina langu likae mbele ya kitabu chake, na wahusika wangu na picha zangu zisichukuliwe. Ruhusa hii hairudi nyuma, hata mimi mwenyewe nikitaka."

"Kwa nini haina sahihi?"

"Vitabu vilikuwa arubaini. Alisema mkono ungechoka."

"Wewe uliona ni sawa mtu kugawa jasho lake hivi?"

"Huko mitandaoni ni jambo la kawaida, afande. Wachezaji wa nchi nyingine wanaiita leseni huria. Mwenye mchezo anafungua kanuni, watu wa nje wanatunga visa, na mchezo unakua bila yeye kutoka jasho zaidi. Ndivyo Othman alivyotufundisha. Vikundi kumi na kimoja vimetunga. Lungalunga, Kinango, hata Shimoni."

"Nimevipigia simu vyote. Kila kimoja kina fotokopi, na kila fotokopi ilitolewa kwenye kitabu chako."

"Kwa sababu changu ndicho kilichobaki. Vingine vilichezewa hadi vikaisha. Na vilivyokuwa vizima, mwaka jana wakati wa masika Othman alipita akivikusanya. Alisema atatupa toleo jipya."

Kalamu ya Dama ilisimama. Hilo halikuwemo katika majibu ya mara mbili za kwanza.

"Mbona wewe hukumpa?"

Bushra alimtazama mtoto. "Huyu alikuwa amelitafuna jalada. Meno yalikuwa yanamwota. Niliona haya kumrudishia mtu kitabu chake kikiwa vile, nikamwambia kimepotea."

"Ulimdanganya."

"Nilimdanganya, ndiyo."

Dama aliliandika hilo pia. Mtu anayeungama uongo mdogo huwa ameufunika mkubwa, au hana mkubwa. Miaka kumi na minane ya kazi haikuwa imemfundisha jinsi ya kutofautisha kwa kumtazama usoni.

"Nikishtakiwa kesho," Bushra alisema, "barua ya kunisimamisha itafika Jumatatu. Mwalimu mwenye kesi ya kughushi haingii darasani mpaka kesi iishe. Na wewe unajua kesi hizi zinavyoisha."

Dama alijua. Alimwambia aende nyumbani, asitoke Bodo, na simu yake iwe na chaji.

*

Sajini Harrison aliingia na vikombe viwili vya chai ya rangi. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na alitembea kama ameshastaafu.

"Kiongozi wa mashtaka anataka faili kesho saa tatu asubuhi," alisema. "Amesema ama ushahidi ama lifungwe. Hataki mambo ya michezo ofisini kwake."

"Lete lenzi."

Dama alivaa glavu na kutoa kitabu cha Bushra, kielelezo A. Kilikuwa na karatasi kumi na mbili za rangi ya maziwa, zimelazwa pamoja, zikakunjwa katikati na kushonwa kwenye mkunjo kwa uzi wa kahawia. Kurasa zilihesabiwa moja hadi arubaini na nane. Baada ya ukurasa wa ishirini na nne ilikuja karatasi nyeupe isiyo na namba, ndipo ukafuata wa ishirini na tano.

Alikitandaza pale katikati na kuinamia mkunjo. Uzi ulipita katika matundu matano. Kando ya hayo, kwenye zile karatasi za maziwa, palikuwa na mengine matatu yaliyoraruka kidogo, matupu, bila uzi. Aliinua karatasi nyeupe na kuitazama peke yake. Ilikuwa na matano tu.

"Umeona?" alimwuliza Harrison.

"Naona matundu."

"Karatasi za maziwa zina manane. Nyeupe ina matano. Ingekuwa imezaliwa pamoja na kitabu, ingechomwa sindano sawa na wenzake. Kitabu kilishonwa kwanza kwa matundu matatu. Baadaye kikafumuliwa, nyeupe ikatiwa, kikashonwa upya."

"Basi amekwisha mwalimu."

Dama alichukua kielelezo B, kitabu alichokileta Othman. Katika maelezo yake Othman alikuwa ameandika: Hii ni nakala yangu ya toleo la kwanza, haijaguswa tangu ilipochapwa na kushonwa Ukunda. Ilikuwa safi. Ukurasa wa ishirini na nne ulifuatwa na wa ishirini na tano, bila chochote katikati. Uzi mweupe ulipita katika matundu matatu. Kwenye mkunjo uleule palikuwa na vijitundu vingine vidogo, na Dama aliandika: "Dalili za wadudu kwenye mkunjo." Kabati za pwani hii hazikosi wadudu.

Alifunga mifuko, akaandika saa, akanywa chai iliyopoa.

"Nianze kuandika hati ya mashtaka?" Harrison aliuliza.

"Tuonane kwanza na mchapaji. Othman amesema kitabu kilishonwa Ukunda. Namtaka aliyekishona aniambie kwa mdomo wake kwamba alikishona mara moja."

"Mafuta ya gari ni ya kwenda na kurudi, Inspekta. Si ya kuzunguka."

"Hatutazunguka."

*

Duka la Chengo lilikuwa nyuma ya barabara ya kwenda ufuoni, kati ya kinyozi na muuza vifuniko vya simu. Mashine ilikuwa ikitema menyu za hoteli. Chengo alikitambua kitabu kabla hakijatoka mfukoni.

"Visima Saba. Hiyo kazi naikumbuka, madam. Jamaa alinisumbua na ile picha ya jalada wiki nzima."

"Hii karatasi nyeupe ni yako?"

Aliisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaikodolea macho, akatikisa kichwa. "Hapana. Mimi nilichapa karatasi kumi na mbili kwa kila kitabu, zote krimu. Ndiyo ilikuwa imebaki stoo. Hii nyeupe ni ya printa ya ofisini, angalia wino wake. Si kazi yangu hata kidogo."

Harrison alimtazama Dama kwa jicho la mtu aliyekwisha kusema.

"Ulishona kwa uzi gani?" Dama aliuliza.

"Nani, mimi?" Chengo alicheka. "Madam, mimi natia pini. Stepla, pa, pa, kitabu tayari. Jamaa alikataa pini. Alisema chumvi ya huku inakula chuma, kitabu kitashika kutu. Akachukua karatasi zikiwa zimekunjwa tu, akasema mamake atashona. Mama yake ni fundi wa kofia huko Msambweni."

"Una hakika hakukishonea hapa Ukunda?"

"Ukunda hii nani atashona kitabu kwa mkono? Labda yule kinyozi."

Dama alimwandikisha maelezo, ukurasa mmoja na nusu, akamsomea, naye Chengo akatia sahihi. Nje jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa Kwale. Ndani ya gari alifungua daftari na kupigia mstari maneno ya Othman: na kushonwa Ukunda.

"Labda amesahau," Harrison alisema, akiwasha gari kwa mara ya pili ndipo likawaka. "Miaka sita."

"Mtu anasahau siku. Hasahau kwamba mama yake ndiye aliyemfanyia kazi."

"Labda hakutaka mama asumbuliwe na polisi."

"Hilo linawezekana," Dama alisema. "Ndilo litakalotupeleka kumsumbua."

*

Bi Mwanafatuma alikuwa kibarazani, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, kofia iliyokatwa nusu duara mapajani. Mkono wake ulichoma na kuvuta bila macho kuufuata.

"Hodi wenyewe."

"Karibuni."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba na wewe, baba, ingawa sikukusikia." Harrison aliharakisha kuamkia. "Kaeni. Othman yuko kazini hotelini, atarudi alasiri hii. Ndiye mnayemtaka?"

"Tumekutaka wewe kwanza," Dama alisema.

Alikaa kwenye mkeka na kuutua mkoba. Njiani alikuwa amepanga maswali kwa utaratibu wa kawaida: yale mepesi mbele, lile zito nyuma, ili shahidi asije akajua anaelekea wapi. Alilitazama sanduku la nyuzi lililopangwa rangi kwa rangi, na mpango ule ukamchosha.

"Mama, kabla hujanijibu lolote, nataka ujue hivi. Mwanao ameshtaki kwamba karatasi ya ruhusa kwenye kitabu chake ni ya uongo. Kuna mwalimu wa Bodo atapelekwa mahakamani kesho kwa ajili ya karatasi hiyo. Utakachoniambia kinaweza kumsaidia mwanao, na kinaweza kumdhuru. Ukitaka kunyamaza, sitakulazimisha leo."

Harrison alikohoa. Hivi sivyo walivyofundishwa.

Bi Mwanafatuma alimaliza tundu alilokuwa akilishona, akalizungushia uzi, akaukata kwa meno. Ndipo alipoweka kofia chini.

"Mwalimu huyo ana umri gani?"

"Ishirini na saba."

"Ana watu?"

"Ana mtoto mdogo. Baba mtoto yuko melini."

Ndani ya nyumba redio ilikuwa ikisoma habari za bei ya nazi.

"Uliza," mama alisema.

"Vitabu vya Visima Saba ulivishona wewe?"

"Arubaini. Na nilivishona mara mbili. Kwa hesabu yangu ni themanini."

"Mara mbili kwa nini?"

"Kwa sababu mwanangu ana kichwa kizuri cha kutunga na kibovu cha kukumbuka. Nilivimaliza vyote, uzi mweupe, matundu matatu kila kimoja. Nimevipanga pale mlangoni. Akaja, akasema, mama, nimesahau kuwapa watu ruhusa. Nikamwambia nimeshashona. Akasema fumua."

"Ruhusa gani?"

"Ya kutunga na wao. Alinisomea ikiwa bado kwenye simu yake. Nikamwambia, ni vizuri, ni kama wakfu. Kisima kikishatolewa wakfu, aliyekitoa anapanga foleni na ndoo yake kama wenzake. Lakini nikamwuliza, na wewe ukija ukajuta? Akacheka. Akaongeza ule mstari wa mwisho palepale. Kesho yake akaja nazo kutoka kazini, zimechapwa kwenye karatasi nyeupe."

Dama aliandika taratibu ili asikose neno. "Hata mimi mwenyewe nikitaka."

"Ndio huo."

"Ulipofumua, ulirudisha sindano katika matundu yaleyale matatu?"

Mama alimtazama kwa huruma kidogo, kama anavyotazamwa mtu anayeuliza kama wali hupikwa kwa maji. "Kofia ukiifumua, mwanangu, hurudishi sindano palepale. Pale pameshachoka, patararuka. Unachoma mahali papya. Nilichoma matano, kwa uzi wa kahawia, maana mweupe ulikuwa umeniishia. Na karatasi nyeupe nikaiweka katikati kabisa, ili kitabu kikifunguka kifungukie hapo."

"Viwili vitatu hukuvifumua? Labda alibaki na kimoja cha mwanzo?"

"Vyote arubaini. Vidole hivi ndivyo vilivyohesabu."

Dama alifungua ukurasa wa daftari wa asubuhi. Dalili za wadudu kwenye mkunjo. Alivaa glavu, akatoa kielelezo B, akakitandaza juu ya bahasha mahali palipo na mwanga. Uzi mweupe, matundu matatu. Alivihesabu vile vijitundu vitupu kwa ncha ya kalamu bila kuvigusa. Vilikuwa vitano. Alichukua rula ya Harrison na kupima: kutoka kimoja hadi kingine, nafasi ileile.

"Wadudu hawapimi," alisema, akakata mstari ule na kuandika saa pembeni.

Harrison aliinama. Alichukua muda wake. "Kwa hiyo hiki nacho kilishonwa mara mbili. Kilikuwa nayo."

"Kilikuwa nayo, ikatolewa. Angeleta kitabu ambacho hakijawahi kuwa nayo, kingekuwa na matatu peke yake." Alikigeuza kitabu kumwelekea mama. "Unakitambua?"

Bi Mwanafatuma aliisogeza miwani. Hakukigusa, alikuwa ameona glavu.

"Nimekishona mimi mara mbili. Halafu kuna mtu amekishona mara ya tatu, akarudisha uzi mweupe katika matundu ya mwanzo. Ona pale paliporaruka. Na fundo ameliweka nje. Mimi fundo langu hulioni."

"Ni nani huyo, mama?"

Mkono wake ulitafuta kofia, ukaipata, ukaishika tu.

"Mwanangu hajui kushona," alisema.

*

Othman aliingia uani akiwa bado na sare ya hoteli, beji ya jina kifuani, mfuko wa mikate mkononi. Alikuwa mwembamba, mwenye mvi za mapema. Alimwona Harrison, kisha Dama, kisha kitabu kilichofunguliwa mbele ya mama yake, na hapo akaacha kutembea.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikumu salaam. Weka mikate ndani," mama yake alisema, "isije ikaingiwa na sisimizi."

Alirudi mikono mitupu na kuketi kwenye ngazi.

"Uliandika kwamba kitabu kilishonwa Ukunda," Dama alisema.

"Nilikosea."

"Uliandika hakijaguswa. Kina matundu manane. Nieleze."

Othman alitazama mikono yake. "Mama amekueleza."

"Nakutaka wewe."

Harrison alimsomea haki zake, kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma masharti ya bima. Othman alisikiliza mpaka mwisho.

"Kuna kampuni inataka kuuchukua mchezo," alisema. "Wautengeneze vizuri, kwa sanduku, uwekwe kwenye hoteli zote hizi. Miaka sita nimetunga baada ya zamu, Inspekta. Vikundi vinacheza, vinatunga, vinanisifu, mimi bado nabeba mabegi ya wageni. Wakili wao aliniuliza swali moja tu: kuna mtu mwingine ana haki ya kuutumia? Nikasema hakuna. Neno likishatoka, unabaki kulifukuza."

"Ndipo ukakusanya vitabu."

"Nilivipata tisa, pamoja na hiki changu. Bushra aliniambia chake kimepotea. Niliposikia ana kisa kipya, na watu wanaonyeshwa ile karatasi..."

"Ulijua atashtakiwa."

"Nilidhani ataogopa tu, aache."

"Ana mtoto mdogo," mama yake alisema.

Ilikuwa ile saa ambayo Dama huwa anategemea kufurahi kidogo, kwa sababu hesabu imekubali, na kwa miaka kadhaa sasa furaha hiyo haikuwa imekuja. Miguu ilikuwa ikimwasha ndani ya viatu.

"Ile karatasi iko wapi?" Bi Mwanafatuma aliuliza.

"Nilizichoma, mama."

"Nane ulizichoma. Nauliza ya kitabu hiki."

Othman aliinuka. Harrison akamfuata mpaka mlangoni, kwa utaratibu. Alirudi na kopo la kahawa ambalo ndani yake kulikuwa na dadu, na chini ya dadu, imekunjwa mara nne, karatasi nyeupe.

"Hii nilishindwa," alisema.

Dama aliikunjua kwa ncha za vidole. Maneno yaleyale, mstari wa mwisho uleule. Aliilaza katika mkunjo wa kielelezo B, akavuta kidogo juu, na matundu yake matano yakakaa juu ya yale matano.

"Sajini, andika. Kielelezo C."

"Nipe niirudishe," mama alisema. Alikuwa ameshatunga uzi wa kahawia kwenye sindano. "Dakika mbili tu. Isikae hivyo imetolewa."

"Siwezi, mama. Ni ushahidi. Itakaa kwenye faili."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Muda mrefu."

Mama aliuvuta uzi kutoka kwenye sindano, akauzungusha kidoleni, akaurudisha sandukuni mahali pake kati ya kahawia nyingine.

"Nitafungwa?" Othman aliuliza. Alimwuliza Dama lakini alikuwa akimtazama mama yake.

"Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa. Kesho saa mbili uwe kituoni, uandike maelezo mapya. Ukija mwenyewe nitaandika kwamba ulikuja mwenyewe. Hilo ndilo ninaloweza."

"Atakuja," Bi Mwanafatuma alisema. "Nitamleta mimi." Alisoma maelezo yake yote, mstari kwa mstari, akimrekebisha Harrison mahali alipoandika arobaini na mbili badala ya arubaini, kisha akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu na tena kwa za kawaida. "Yule binti ameshajua?"

"Bado."

"Mpigie. Asilale na jambo hili."

Dama alitoka hadi penye ua, mahali mtandao ulipokuwa na nguvu. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha, na watoto walikuwa wakirudi kutoka chuo cha Kurani na mbao zao za kuandikia. Bushra alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Afande."

"Faili linakwenda kesho, lakini jina lako halimo kwa mshukiwa. Limo kwa shahidi. Vitabu vyako utavichukua Jumatatu. Njoo na kitambulisho."

Upande wa pili simu iliponyoka, ikagonga sakafu.

"Bushra?"

"Nipo. Alhamdulillahi." Alivuta kamasi. "Ilikuwa ya kweli, basi?"

"Ilikuwa ya kweli."

"Na Othman?"

"Othman ana yake ya kujibu."

"Afande, masharti yanasema jina lake likae mbele ya kitabu. Baada ya haya, bado linakaa?"

Dama aligeuka. Kibarazani Othman alikuwa amechuchumaa, akiokota dadu zilizomwagika, mama yake akimwonyesha kwa kidole moja iliyojificha chini ya mkeka.

"Ruhusa hairudi nyuma," Dama alisema. "Nafikiri na sharti nalo halirudi."

"Basi nitaliacha. Bila yeye hakuna hata hicho kisima cha kwanza." Kisha, kwa haraka: "Kuna jambo jingine. Mlipochukua vitabu sikusema kweli. Nakala moja ilibaki nyumbani."

"Mtandao ni mbaya hapa," Dama alisema. "Hilo la mwisho sikulisikia."

Alikuwa karibu kukata simu aliposikia, mbali kidogo na kipaza sauti, Bushra akisema na mtu kwa upole, kama anayerudia jambo alilolisema mara nyingi:

"Leta hapa, mama. Hicho si cha kula."